Upande wa Kushoto

Jumapili, 15 Januari 1984
Leo kanisani tulikuwa sita, pamoja na mchungaji. Wanaume kulia, wanawake kushoto, kama walivyokaa Wajerumani wa kwanza. Kushoto ni Mama Hedwig na mimi. Basi. Kwetu Meru, ukichelewa kwenye kanisa la Methodisti unasimama nje dirishani!

Nilimuuliza Mama Hedwig kwa nini wanawake ndio huanza ubeti wa kwanza. Akacheka. Waanzilishi walikuwa waokaji mikate na wajakazi waliokuja hapa Uswidi kutoka Ujerumani. Jumapili waokaji walichelewa tanurini, na wajakazi hawakuweza kungoja – mabibi zao walitaka chakula. Wakaanza wenyewe. Wanaume wakaingia ubeti wa pili, unga bado kwenye nyusi. Waokaji wameisha, zamu imebaki.

Tangu mume wangu Bethuel aniache ahamie mtaa wa Vällingby, ni Mama Hedwig tu anayeniuliza nimelalaje.

Jumatano, 18 Januari
Nimesafisha ofisi Kista kutwa nzima bila kusema na mtu.

Mchungaji kapiga simu. Msimamizi wa wilaya ya kanisa letu anakuja tarehe 29 kuona kama sisi bado ni usharika. Asiporidhika, jengo litauzwa na sisi tupelekwe kwenye usharika wa Waswidi. Waswidi hawana ubaya. Ila nitaanza ugeni upya, na ugeni nimeuchoka.

Jumanne, 24 Januari
Mama Hedwig kateleza kwenye barafu. Kavunjika nyonga. Hospitalini muuguzi aliuliza ndugu yake ni nani. Mama akaninyooshea mimi kidole! Muuguzi akatutazama, akaandika namba yangu.

Mama kasema Jumapili nianze mimi, nisiwaache wazee wakingoja. Nikasema Kijerumani sijui. Akasema wale ni viziwi, hawatagundua.

Jumapili, 29 Januari
Hospitali ilipiga simu alfajiri. Mama Hedwig amefariki usingizini.

Nikaenda kanisani hivyohivyo. Nilitaka kumwambia mchungaji mlangoni, lakini msimamizi alikuwa kasimama naye, anatazama viti vitupu. Nikapita, nikakaa kushoto.

Kinanda kikapiga utangulizi, kikaacha. Wazee wakanigeukia. Nikaanza kwa Kiswahili, maneno ya nyumbani. Ubeti wa pili wakaitikia kwa Kijerumani. Mzee Otto akaingia mapema, kama kawaida yake.

Kwenye kahawa baada ya ibada msimamizi akaniuliza, kwa upole: dada Milcah, upande wenu mko wangapi?

Wawili, nikasema.

Akafurahi. Akasema kasikia kwa mchungaji kwamba Mama Hedwig kalazwa, kesho mchana atapita hospitali kumsalimu huyo wa pili, nimtajie wodi. Nikamtajia! Sijui nilikuwa nafikiri nini. Mzee Otto naye akafunga kipande cha keki kwenye karatasi – mpelekee Hedwig, asiseme tumemsahau.

Nikakipokea. Kiko mezani hapa nyumbani kwangu Husby, karibu na simu. Namba ya mchungaji naijua kwa kichwa. Nimeinua mkono wa simu mara kadhaa, nikaurudisha. Nikishapiga, upande wa kushoto ni mimi peke yangu.