Kitufe cha Kuchorwa

Raiwaqa, Suva,
Fiji.
Jumapili, 9 Novemba 2025.

Mpendwa mpwa wangu Varanisese,

Pokea salamu za nyumba hii nzima, zikianza na za bibi yako Kelera, ambaye wakati huu ameketi karibu na mlango akisikiliza redio na kubishana na mtangazaji. Natumaini u mzima, na kwamba joto la Labasa halijawaelemea kupita kawaida yake, na goti la baba yako limepata nafuu. Sisi hapa ni wazima wa miili. Mvua imenyesha tangu Alhamisi, na majimbi yetu ya dalo yamestawi nyuma ya nyumba. Bibi yako alirudi kliniki ya macho akaambiwa lile lile la mwanzo, kwamba sukari imekwisha kula nuru yote na haitarudi. Amelipokea kwa utulivu ambao mimi mwanawe sinao.

Ulinidai kiti cha kazi ofisini kwetu, nami nimechelewa kukujibu. Kabla ya kukujibu niruhusu nifafanue neno moja, maana jibu lote limeegemea hapo. Kitufe, katika kazi yetu ya kujenga kurasa za tovuti, ni sehemu ya ukurasa inayotoa ahadi kwamba ikibonyezwa jambo fulani litatendeka, na inayoitimiza ahadi hiyo kwa kila mtu: anayetumia kipanya, anayetumia kidole, anayetumia kibodi peke yake, na asiyeona, ambaye simu yake humsomea kilichopo. Umbo si sehemu ya ufafanuzi huu, wala rangi. Kitu chenye umbo na rangi ya kitufe, lakini kinachovunja ahadi kwa mmoja wa hao, ni picha ya kitufe tu.

Sasa nirudi kwenye siku uliyonipigia simu. Ulisema, nami nayakumbuka maneno yako yalivyotoka: “Mjomba, mimi ni vasu wako. Mtoto wa dada haombi, huchukua. Basi nachukua kile kiti cha mwanagenzi kilicho wazi ofisini kwenu.” Nikamsikia mama yako nyuma yako akicheka, akisema, “Mpe kiti, Isikeli. Akikikosa atakuja kuchukua nguruwe.”

Nilicheka pamoja nanyi, lakini baada ya kukata simu sikucheka tena. Tangu enzi za mababu zetu mjomba hajawa na mlango wa kumkatalia mtoto wa dada yake, na mimi sitakuwa wa kwanza kuuchonga. Ukaongeza kwamba mwisho wa mwezi huu utamkabidhi mwenye duka la dawa barua ya kuacha kazi. Hilo ndilo linalonitisha, na ndilo linalonifanya niandike leo badala ya kungoja tuonane Krismasi.

Ule ukurasa ulionitumia kama kielelezo cha kazi yako, wa mwanakijiji kuomba gari la kumhamisha wakati wa kimbunga, nimeupitia kwa makini. Ulisema uliujenga mwishoni mwa juma moja, wewe ukieleza na mashine ya akili bandia ikiandika. Ni mzuri, wala sikupambi. Kila kisanduku hujipima kwa nafasi ya mahali kilipowekwa, si kwa upana wa skrini nzima, mbinu ambayo mimi nilichelewa sana kuiamini. Hufunguka upesi hata pale mtandao unapokohoa. Maneno ni machache na yako wazi. Hapo nilitambua mkono wako, maana mtu anayeandika maelezo ya dawa hujifunza kutopoteza maneno.

Nikauonyesha ofisini. Artika, anayetuongoza, aliutazama, kisha akauliza ni nani huyu na kajifunza wapi. Nikamwambia kwa fahari isiyofichika kwamba ni mpwa wangu, msaidizi wa duka la dawa huko Labasa. Akauliza imemchukua muda gani. Nikamwambia. Akaweka kikombe chini. “Sasa Isi,” akasema, “kama msaidizi wa duka la dawa anafanya hivi akiwa na mashine, kile kiti cha mwanagenzi ninakiweka cha nini?”

Elewa lililotokea, Sese. Kazi uliyoituma ili ikufungulie kiti ndiyo iliyotaka kukifunga. Roneel, jirani yangu wa meza, ambaye hana staha hata akiwa na roti mdomoni, aliniambia: “Kaka Isi, mpwa wako kakata tawi kabla hajalipanda. Na wewe ndiye uliyelikalia.” Wote walicheka. Kile kiti kinachozungumzwa kiko mkabala nami. Waliokikalia zamani wamekwenda Auckland na Brisbane, na siku hizi Ijumaa tukinywa yaqona, kinywaji chetu cha mizizi, ndipo tunapoweka bakuli.

Kisha likaja jambo la pili, lililo zito zaidi. Artika aliupenda ukurasa wako kiasi cha kutaka utumike kweli. Vijiji kadhaa vya kando ya mto Rewa vilikuwa vimetuagiza ukurasa wa namna hiyo, na msimu wa vimbunga umeshaingia. Kwetu hakuna kazi inayotoka nje kabla jicho la mwingine halijaipitia, kwa hiyo aliileta kwangu. Vipimo vyote vya mashine vilikuwa vimepita. “Taa zote za kijani,” Roneel akaniambia, “unangoja nini?”

Nina desturi ambayo vijana huiona ya kizee. Kabla ya kuidhinisha ukurasa wowote nakisogeza kipanya mbali na mkono wangu, kisha natembea ukurasa mzima kwa kibonye cha Tab peke yake, kile kinachosogeza alama kutoka sehemu moja hadi nyingine. Nikatembea wako. Alama ikatua kwenye jina, ikatua kwenye kijiji, ikatua kwenye idadi ya watu, kisha ikaliruka lile gari jekundu, picha ya kubonyeza ili kuomba msaada, na kwenda kutua chini kabisa. Nikarudia. Ikaliruka tena. Nikafungua msimbo, nikakuta kwamba gari lile si kitufe. Mashine ilikuwa imechukua sanduku tupu, lile ambalo katika HTML, lugha inayozipa sehemu za ukurasa majina, huitwa div na halina maana yoyote, ikalipaka picha ya gari kwa CSS, ikalifungia amri ya JavaScript ya kusikiliza kipanya na kidole. Ndani yake hamna hata neno moja la simu kusoma. Kwa jicho lako na langu lilikuwa kitufe kamili.

Jioni nikampa bibi yako simu, nikamwambia mjukuu wake amemtengenezea kitu. Alifurahi. Simu ikamsomea, naye akaandika jina lake na kijiji kwa kutamka, akajisifu kwamba bado ana akili. Kisha akatafuta pa kumalizia. Akapitisha kidole juu, akapitisha chini. Simu ikasoma mstari wa mwisho wa ukurasa na kunyamaza, kwa kuwa kwake gari jekundu halikuwepo. Nilimwacha ajaribu mpaka akachoka mwenyewe.

“Mwambie Sese,” akasema, “nyumba aliyonijengea ni nzuri, nimeingia mpaka sebuleni. Ila mlango wa kutokea kauchora ukutani.”

Alicheka sana kwa neno lake hilo, naye humsimulia kila mgeni anayefika. Mimi silicheki. Nilifikiri, je, angelikuwa peke yake, upepo umeanza kung'oa mabati, na ukurasa ule ndio ulio mkononi mwake? Ukurasa haukumwambia kwamba ameshindwa. Haukumwambia lolote. Angelikunja mkeka wake, angelivaa koti, angeliketi pale mlangoni alipoketi sasa, akingoja gari ambalo hakuna aliyeambiwa liende.

Sikukutumia neno siku ile kwa sababu nilitaka kwanza kujua kama mashine ingelitambua kosa lake. Nikaiambia kwamba asiyeona hawezi kulifikia gari lile. Ikaomba radhi kwa adabu nyingi, ikarekebisha. Nikampa bibi tena: safari hii simu ilitamka “omba gari, kitufe”, naye akabonyeza, ikakubali. Kisha nikatembea mwenyewe kwa kibodi. Alama ililiruka kama mwanzo. Mashine ilikuwa imelipatia lile sanduku jina la kitufe bila kulipatia tabia zake. Sasa lilikuwa linajiita kitufe kwa sauti, na mtu ambaye mikono yake inatetemeka, asiyeweza kushika kipanya wala kugusa skrini, angelibaki nje vilevile. Nakiri kwamba mara hii niliogopa zaidi kuliko mara ya kwanza, kwa kuwa kosa lililovaa jina sahihi ni gumu kuliona.

Unaweza kuuliza, kama wanavyouliza wengine, kwa nini nisiiambie na hilo la pili. Nitaiambia, nayo italifanya vizuri. Tatizo ni kwamba nitaiambia kwa sababu ninajua. Uzuri wa kazi yake haupungui pale inapokosea, kwa hiyo hakuna dalili ya kumwamsha asiyejua. Na ujuzi wangu wenyewe siuamini kama zamani. Majuzi nilianza kuandika kwa mkono fomu nyepesi kabisa, nikasita katikati kama mtu aliyesahau jina la jirani yake, kwa kuwa nimezoea kuagiza na kukagua. Sikumweleza mtu yeyote hapa. Nakueleza wewe.

Nilimpelekea Artika simu, nikamwomba afumbe macho atumie ukurasa wa kwanza, ule wa kabla ya marekebisho. Ni mwanamke wa haki, usimdhanie vibaya. Alijaribu kwa muda, akafumbua macho, akauzuia ukurasa usitoke. Lakini hitimisho lake halikuwa langu.

“Umenionyesha kwamba nahitaji mkaguzi,” alisema. “Mwanagenzi bado simhitaji.”

Nikamuuliza mkaguzi huyo anatoka wapi. Akasema ofisi nyingine zitamfundisha, sisi tutamwajiri akiwa ameiva. Nikamwambia kwamba ofisi zote za Suva, na nadhani za Sydney pia, zinasema neno hilo hilo wiki hii, kila moja ikimtazama jirani yake. Hatimaye, kwa sababu nilimwambia kwamba wewe ni vasu wangu na siwezi kurudi nyumbani na neno la kukataa, alikubali kiti hicho ukikalie hadi Pasaka, chini ya mkono wangu. Baada ya Pasaka hakuahidi kitu, wala hakuahidi kitu juu ya mkono wenyewe, yaani kazi yangu mimi.

Basi jibu langu ni hili. Kiti umekichukua, ni chako. Mjomba hana haki ya kukataa, lakini sijapata kusikia kwamba amekatazwa kuogopa. Kwa hiyo nakuomba, wala sikuamuru: usiipeleke barua ya kuacha kazi. Mwombe mwenye duka ruhusa hadi Pasaka, ili ukirudi ukute mlango wa kweli. Na kabla ya kupanda meli kuja huku, lifute lile gari jekundu, uandike kitufe kwa mkono wako, bila mashine, herufi kwa herufi. Kisha funika skrini kwa kanga uutumie ukurasa wote kwa kibodi. Ukinitumia, bibi atakuwa mwamuzi, na unajua ulimi wake.

Uliniuliza pia ujifunze mfumo upi wa JavaScript, maana kila mtu anakutajia wake. Chagua wowote unaotumika mahali utakapofanya kazi. Mfumo huo utakufa kabla yako, na utakaoufuata pia. Anza na HTML yenyewe, ile inayodharauliwa, ujue kila kitu kinaitwaje na kwa nini kinaitwa hivyo. Mashine itakuzidi kasi kwa yote yaliyobaki. Kama hilo litakutosha kuishi kwa kazi hii, sijui. Ningelijua ningelikwambia.

Msalimie sana mama yako Losena, umwambie nguruwe ni salama mpaka sasa. Msalimie baba yako Peceli, na shangazi yako Vika, nimesikia ameanza tena kuimba kanisani. Bibi anakubusu, anasema uje na kaa wa mikokoni, si maneno. Mungu aliyekulinda tangu utoto akufunike msimu huu wa pepo, akufikishe kwetu ukiwa mkavu.

Jambo moja ninalo ambalo sikuweza kulimaliza, nami nakuachia ulifikirie usiku ukifunga duka. Pakiti unayoihesabu wewe hupitiwa na mfamasia kabla haijamfikia mgonjwa, na mfamasia huyo zamani alihesabu pakiti, akakosea, akarudishiwa. Mimi nami niliujua mlango wa kuchora kwa sababu nilichora mingi, karibu na mtu mwenye subira. Sasa mashine ndiyo inayochora, na wenye subira tunahesabiwa siku hadi Pasaka. Wewe, Sese, utajifunzia wapi kukosea?

Ni mimi mjomba wako, ninayekupenda na kukuhofia,

Isikeli