Vidonge Kwenye Mto wa Mama Mkwe

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako kabla sijarukwa na akili. Mimi ni mhudumu wa afya wa mtaa, yule mwenye kizibao na daftari anayegonga mlango asubuhi kuhakikisha mgonjwa wa kifua kikuu amemeza dawa, na sheria yetu ni moja tu, mgonjwa anameza ukimwangalia, unamwambia fungua mdomo, inua ulimi, ndipo unaweka tiki kwenye kadi yake, na kwa watu wa mtaani sina aibu hata kidogo, fundi viatu wa pale kona huniita Daktari wa Ndimi na mimi hucheka naye, lakini mwezi wa tatu sasa mgonjwa wangu mwingine ni mama mkwe, tunaishi naye nyumba moja, na mshauri, nitamwambiaje mama aliyemzaa mume wangu ainue ulimi nimchungulie kinywani? Nikawa namwekea vidonge kiganjani, namkabidhi kikombe cha maji, halafu nageukia dirishani najifanya napanga mapazia mpaka nisikie kikombe kikiwekwa mezani, ndipo naweka tiki.

Wiki iliyopita makohozi yake yalipimwa, vijidudu bado vimo. Daktari akaitazama kadi, haina pengo hata siku moja, akanisifu mbele ya wenzangu, akasema basi ugonjwa wenyewe huenda ni sugu, anapanga kumbadilishia dawa. Juzi nikavua foronya ya mto wake niifue, vidonge vikamwagika sakafuni, vyekundu, vingine vimegandana. Nilikaa palepale chini nikalia. Nilipomuuliza akasema, "Zinanichoma tumbo, mwanangu. Nikakuona kila siku unageuka, nikajua umenionea huruma, umeniruhusu."

Binti yangu wa miaka minne hulala naye kitanda kimoja. Wiki ya pili sasa anakohoa, na jana hakugusa chakula. Mume wangu hajui lolote, mama mkwe amenishika mikono akiniomba nisimwaibishe kwa mwanawe, na nikisema kazini nimekwisha. Nifanye nini? Sijioni tena kama mtu.

Mgeuka Dirishani

*

Mgeuka Dirishani,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimetamani kukukumbatia na kukuchapa. Mtoto anakohoa wiki mbili, nawe unakaa unaandika barua? Ingekuwa nyumba ya fundi viatu ungeshawafokea wazazi. Mpeleke akapimwe leo, usingoje hata kumaliza kusoma hapa.

Nenda na hiyo foronya na vidonge vyote, uviweke mbele ya daktari, umwambie tiki zile ni za uongo. Yeye anapanga dawa kwa kusoma kadi yako, na kadi yako inamdanganya. Huenda ugonjwa haujawa sugu, huenda ninyi wawili mmeshaufanya sugu, mimi sijui. Maabara ndiyo itakayosema, na sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Mweleze pia kuhusu hilo tumbo linalochoma. Zipo dawa za kulituliza, laiti mama angeulizwa mapema.

Mumeo mwambie wewe mwenyewe, jioni hiihii, mama yake akiwa ameketi hapohapo. Atafoka. Mwache afoke, ni mtoto wake anayekohoa. Kazi nayo inaweza kwenda, na hapo sina la kukufariji, dada yangu, maana naijua aibu ya kurudisha kizibao mbele ya watu waliokupigia makofi. Inauma, lakini utaamka kesho yake.

Mkwe wako usimgombeze. Aliogopa dawa, nawe ukamwogopa yeye, na katikati yenu alilala mtoto. Mtoto mhamishie chumba kingine, fungua madirisha. Siku dawa zitakapoanza upya, ukiruhusiwa kumsimamia, vuta kiti ukae mbele yake, umwite mama kwa heshima zote. Kisha mwambie afungue mdomo, ainue ulimi.