Maharagi ya mama mukwe na samaki ya comité

Mama Joséphine wa redio, nisaidie, lakini usicheke kwanza,

Mimi ni Mumbere, mufanyabiashara wa quartier Lumumba, mutu mwenye ametembea, Kisangani naijua, Kampala naijua, masomo niliiachia njiani lakini mudomo hapana, na hii mudomo njo imeniponza, juu mu réunion ya watu wa muto Shari walituelezea kama samaki ya kwetu inaisha, tunakula paka tu samaki ya frigo, ya barafu, juu zamani wakati ya mvua maji ilikuwa inapanda kando ya muto, samaki inaingia mu majani, inataga mayai, inalea watoto pale, kisha watu wakachimba mufereji, maji ikakimbia, marais, ile matope ya majani kando ya muto, ikakuwa mashamba, basi nikasimama nikasema kule Kampala nimeona marais imefufuka, na macho yangu, kumbe Kampala niliona paka tu gare, stendi ya bus, watu wakapiga mikono, nikakuwa président wa comité yao, na samedi, Jumamosi hii, tunafunga ile mufereji.

Sasa Mama, shamba ya kwanza maji itameza ni ya mama mukwe wangu, alikimbia vita kule Fataki akaacha kila kitu, anakaa nyuma ya nyumba yetu, ile shamba njo iko yote yenye amebakia nayo, na yeye haendi mu réunion, amesikia tu kuko mujinga moja anataka kurudisha maji, kila mangaribi ananiletea sahani ya maharagi na kutukana ule président, kichwa yake, tumbo yake, na mimi nameza, najibu, «Kweli mama, ule mutu hana akili,» na bibi yangu Ketsia, binti yake, anakimbilia jikoni kucheka. Jana akaniambia, «Mukwe, mercredi, Jumatano hii, tunapanda, weye utanibebea mbegu.» Nikasema ndiyo. Nifanye nini? Niache uprésident, samaki ikufe? Ao nisafiri kidogo? Parcelle, kiwanja, niko nayo kule Mbunya, pakavu, nitapandisha nyumba ya étage ya mbili, musingi iko, majani imeota ndani, lakini ile si habari ya leo.

Mumbere

Mumbere,

Nimecheka, unisamehe. Kisha nikamufikiria ule mama, kicheko ikaisha. Bunduki ilimufukuza kwake, sasa maji inakuja, na mwenye kuileta anamaliza sahani yake na kuomba nyongeza.

Mufereji ifungwe. Maji isiporudi mu majani, kambale itataga wapi, mu frigo? Uprésident usiache, comité ilitafuta mudomo na imepata. Kampala usahau, kule hata gare imekuchoka.

Na unasema parcelle si habari ya leo. Baba, njo habari yenyewe. Ile étage imekataa kuota, maharagi itaota. Umupe mama alime pale. Kumupa, si kumukopesha.

Leo hii uende kwake na mama mudogo wa Ketsia, mukwe haendi peke yake na neno ya vile. Keti chini, useme, «Mama, ule mujinga ni mimi.» Atatukana. Unyamaze mpaka amalize, ile matusi umeshaizoea. Kisha umupeleke Mbunya aone udongo.

Mercredi umubebee mbegu kama ulivyoahidi, paka tu njia njo itabadilika, itaenda Mbunya. Samedi ufunge mufereji. Na mangaribi akikunyima sahani, kula samaki ya frigo, ungojee kambale ikomae.