Swali la mama wa sambaza

Furaha mudogo wangu, salamu nyingi toka Goma. Mutoto wangu ni muzima, mimi tu mugongo umechoka kumubeba. Nakuandikia kwa sababu ya lile swali uliloniuliza tulipozika mutoto wako.

Leo kwenye soko la Kituku, mama anayeuza sambaza, wale samaki wadogo, kando ya ziwa aliona musalaba shingoni mwangu, akanichokoza mbele ya watu: "Mama, siku mulima ulipasuka na moto yake ikakula nyumba yangu na bwana yangu, huyo Mungu wako alikuwa wapi? Na ukisema ni mapenzi yake, sikuongezei hata sambaza moja ya bure, ya matabishi!"

Watu wakacheka. Nikamwambia ukweli: "Sijui, mama. Ninajua tu kwamba Yesu alifika kwenye kaburi la rafiki yake, akalia kabla ya kumufufua."

Mukono wake ukasimama juu ya samaki. "Alilia? Yeye mwenyewe?"

"Alilia, mama."

Akautazama mulima, kisha akasema polepole, "Basi huyo ninaweza kumusemesha."

Furaha, hata samaki niliyolipia nilisahau kupokea.

Wewe uliponiuliza vile vile, nilikujibu "mapenzi ya Mungu", nikakufunga kinywa. Unisamehe. Nikifika nyumbani tutalia kwanza, sisi wawili. Nakukumbatia kwa nguvu zote.

Dada yako, Neema