Mteremshe Shaibu Dunguni

Ruangwa mjini,
Alhamisi

Dada yangu Somoe,

Shikamoo. Nakuongezea na ya pili, ile niliyokunyima siku naondoka kwa kiburi cha begi jipya. Mama naye mpe yake, umuulize goti limepoa au bado linatabiri mvua. Mahindi huko Kilimarondo najua yameshabeba, kwa hiyo siulizi kama mnashiba, nauliza kama tembo wamewaachia.

Mimi mzima, na mjini hapa nimekuwa mtu. Mtaje Sele Geti kuanzia sokoni mpaka stendi uone kama kuna asiyenijua. Watumishi wote wenye nyumba mpya, mageti yao nimechomelea mimi. Haya, bosi ndiye anayechomelea, mimi nashikilia. Lakini geti lisiloshikiliwa linasimama?

Sasa huko kushikilia ndiko kulikoniponza. Mwezi uliopita geti moja lilinielemea, likanibana vidole vya mkono wa kulia. Mama usimwambie. Mifupa imeunga, ila bandeji ilipotolewa vidole vilikuwa vimekakamaa kama vya kinyago, hata tonge la ugali lilinishinda. Hospitali wakasema dawa yake ni mazoezi, na dada wa mazoezi ya mikono anakuja siku moja tu kwa wiki, nayo ni siku ya watoto. Nikawaambia niko tayari kuwa mtoto.

Cheka polepole, dada. Mimi na ndevu zangu nimekaa mkekani na watoto, wengine waliungua moto, wengine wamezaliwa na mkono uliolegea. Kazi yetu ni kuokota njugumawe moja moja kwa ncha za vidole, unatoa bakuli hili unatia lile. Nikawatangazia, "Leo mtamjua fundi!" Pembeni yangu katoto ka kike, kiganja kimejikunja kwa kovu la uji wa moto. Kakamaliza bakuli lake mimi sijafika nusu. Kakanitazama, kakasema, "Babu, nikusaidie?"

Babu! Mkeka mzima ulicheka, na mama yake ndiye aliyezidi.

Nikatafuta wa kumalizia hasira. Mlango wa pili walikuwa wanapima masikio ya watoto. Mtoto anavishwa vile vya kusikilizia muziki, kila akisikia mlio anatia kizibo cha soda kwenye kopo. Waliokuwa wanasubiri walikaa mbele yetu, na mmoja ni dogo wa kijiji cha Chunyu, rika la Shaibu wako, katupa mgongo. Mama yake anamshitaki kwa kila mtu: "Huyu hana ugonjwa, ana ukaidi. Mpaka umshike ndiyo aitike." Basi mimi nikanyata mpaka nyuma yake nikapiga kelele, "Oya dogo! Nyoka huyo nyuma yako!"

Watoto wote wakaruka. Katoto ka njugu, mshindi wangu, kakaparamia mapaja ya mama yake. Dogo wa Chunyu akaendelea kuchezea kifungo cha shati.

Alipoona wenzake wanakimbia ndipo akageuka, akanitazama mdomo. Si macho, dada. Mdomo. Na kutazamwa hivyo nakujua. Nyumbani kwetu yuko anayenitazama hivyo kila nikisema naye.

Dada wa mazoezi akaniambia, "Kaa chini, fundi. Umeshampima bila kifaa." Dogo alipoingia ndani, kopo lake lilipata vizibo viwili tu. Mama yake hakumshitaki tena. Alimfunga vifungo vya shati vyote, akavifungua, akavifunga tena.

Tangu siku hiyo najiuliza habari ya kile kikao chetu. Mwalimu alisema Shaibu haitiki darasani. Shemeji akaanza, "Mimi naona huyu mtoto labda..." nami nikamkata: "Shemeji, mtoto ana wajomba." Nikaamua kama mzee wa ukoo, mimi niliyeishia darasa la sita: atoke shule, akae dunguni, juu ya kichanja, kulinda shamba, ukaidi utamtoka. Shemeji akainamisha kichwa, maana kwetu mtoto ni wa upande wa mama, na mjomba akishasema amesema. Nilitoka pale natembea kama nimeongezwa urefu. Na ule usaha wa sikioni kila masika tuliuona wote. Wewe ukamtilia mafuta ya moto, mimi nikasema utakauka wenyewe.

Sasa lifikirie hilo dungu. Tembo wakiingia, wa kwanza kuwaona anapiga debe, wa dungu la pili anapokea, na la tatu, mpaka kila mtu ameshuka amekimbia. Macho yanachelewa, majani marefu. Mimi nimempandisha Shaibu mahali ambapo mtu anaokolewa na masikio yake. Na tembo hapigi hodi.

Kwa hiyo natengua. Neno la mjomba linaondolewa na mjomba, na barua hii ndiyo mdomo wangu. Msomee shemeji mbele ya mama. Mwambie Selemani amekosea, na lile neno nililomkatiza alimalizie, nitalisikiliza.

Jumatano ijayo wapimaji watakuwa Nachingwea mjini. Mlete. Dada wa mazoezi hakuniahidi kwamba atasikia. Alisema wapo wa kutibiwa usaha, wapo wa kuvalishwa kifaa, wapo wa kufundishwa kwa ishara, lakini wote wanaanza kwa kupimwa. Na sikioni usitie tena kitu chochote. Mimi nitakuwa stendi ya Nachingwea tangu asubuhi. Bosi nimeshamwambia, na akikataa, mageti atashikilia mwenyewe.

Simu yako napiga tangu juzi haipatikani, ndiyo maana nampa barua huyu muuza mitumba anayekuja gulio lenu Jumamosi. Mwandiko usiucheke, ni mkono ule ule, nimeambiwa kuandika nako ni zoezi.

Nisalimie mama mwenye goti lake. Shemeji, aliyenivumilia kuliko nilivyostahili. Na mwalimu wa Shaibu, mwambie amtafutie nafasi dawati la mbele kabisa, pale anapoonekana mdomo wake.

Shaibu mwenyewe usimwite kutoka chini, tumemwita hivyo miaka yote. Panda ngazi, mguse bega, ngoja akutazame, halafu useme polepole: "Shuka. Mjomba amesema shuka."

Nduguyo wa tumbo moja,
Selemani