Bisimwa mu Kasho Juu ya Tole za Alumini

Bukavu, Kadutu
Siku ya Mungu, nyuma ya misa

Mama mupenzi,

Mbele ya yote, uniambie juu ya ule muguu wako. Dereva wa kamyo aliyetoka Kasongo alisema sasa unafika mpaka ku kisima bila fimbo, lakini huyu dereva anapenda kufurahisha watu, sijui kama nimuamini. Na kifua cha Papa je? Anaendelea kukohoa asubuhi? Mukitunyamazia hivi, mimi huku ninafikiri mabaya tu.

Sisi tuko, tunapumua. Ninaanza na habari ya furaha, kwa sababu zingine ni nzito. Mwayuma alizaa, Mama. Mutoto mwanamuke. Tulimupa jina lako, na mapua yako pia amechukua, hata jirani ambaye hakukuona anacheka nikimuambia. Mama yake iko muzuri, maziwa iko mingi. Basi umesikia, sasa unaweza kupigia majirani kigelegele. Kisha ukae chini usome ingine.

Unajua kazi yangu ku atelie: tunakata tole za alumini, zile bamba nyeupe nyepesi, tunazipiga nyundo mpaka zinakuwa sufuria na beseni. Zile tole zinatoka mbali ng'ambo, zinafika Bujumbura, kisha zinavuka mupaka ku Kamanyola na kupanda huku. Ni hivyo miaka yote. Sasa kukatoka amri Kinshasa. Wanasema inchi moja ya ng'ambo inasaidia fabrike zake za kutengeneza tole na feza ya serikali, ndiyo maana tole zake zinauzwa bei ya chini, na fabrike yetu ya Kinshasa haiwezi kushindana nayo. Kwa hiyo wameweka takse ingine juu ya ile ya zamani, ili tole za inchi ile zipande bei na fabrike yetu ipate kuuza. Za inchi zingine hazina ile takse.

Siseme ni amri mubaya. Pengine kule Kinshasa iko na watoto wanaokula kwa sababu yake. Lakini tole ya Kinshasa nitaiona wapi, Mama? Njia gani itaileta mpaka Bukavu? Na muntu wa Bujumbura anayetuuzia, ni za inchi ileile tu yuko nazo, na bei yake sasa imepita nguvu yetu. Tukaanza kukaa ku atelie mikono mitupu. Patro wetu, mwenye atelie, mushi mumoja wa kabila la huku, mutu muzima tunayemwita Citoyen Murhula, alikuwa anatembea katikati ya nyundo zilizolala.

Siku moja akatuita, mimi na Bisimwa. Bisimwa ni yule rafiki yangu wa Kalehe, aliyenipokea wakati nilifika huku bila kujua muntu. Patro akasema, "Tole zangu zimefika karibu na mupaka. Kila moja iko na chapa ya bluu inayoonyesha inchi. Mutaenda na dereva, mutapangusa ile chapa na esanse ya gari, kisha mutavuka. Bila chapa, nani atajua zimetoka wapi?"

Mimi nikasema, "Patro, bibi yangu iko karibu kuzaa." Ilikuwa kweli, lakini woga pia ulikuwa kweli.

Bisimwa akanigusa bega. "Baki na Mwayuma. Mimi nitaenda peke yangu, kazi ya kupangusa si kazi."

Akaenda. Mwayuma akazaa, nami nikawa na furaha mpaka nikasahau Kamanyola. Kisha bibi ya Bisimwa, Nabintu, akaingia kwetu bila kupiga hodi, kitambaa kimeanguka mabegani. Ku mupaka, mukubwa wa duane, wale wanaolipisha takse ya mupaka, alipanda ndani ya kamyo akanusa harufu ya esanse. Akaangalia tole: kila moja inang'aa mahali pamoja tu, sawa mutoto aliyenawa shavu moja. Dereva akaruka, akakimbia. Bisimwa hakukimbia. Wakamuleta mpaka huku Bukavu, wakamutia mu kasho, chumba cha kufungia watu.

"Wanamuuliza nani alimutuma," Nabintu akaniambia. "Anajibu ni yeye mwenyewe, ni akili yake. Papa Amisi, muntu anayekaa ku nyumba ya udongo atapata wapi kamyo ya tole? Hata wao wanacheka. Lakini wanamufunga."

Nikaenda kumuona, nimebeba bugali na mboga za sombe ambazo Mwayuma alipika, naye bado hana nguvu. Bisimwa alikuwa amekonda uso. Alikula polepole, kisha akaniambia kwa sauti ya chini:

"Amisi, usiseme kitu. Nikimutaja patro, atelie inafungwa. Hesabu mwenyewe ni watoto wa nani watalala njaa. Mimi nitatoka tu, hawawezi kunila."

"Na wakikupeleka gereza kubwa?"

"Basi nitaenda. Wewe uko na mutoto mupya."

Mama, tangu siku ile sikulala usingizi wa kweli. Nilikwenda kwanza kwa patro, nikamuomba aende mwenyewe. Alinikaribisha, alinipa kiti, akasema anatafuta njia, nivumilie. Nilivumilia. Kila mara Nabintu alirudi kutoka kule na habari mubaya zaidi: anakohoa, wamemunyang'anya koti, wanasema atapelekwa mbali. Na njia ya patro haikuonekana.

Basi nikavaa shati yangu ya kanisa nikaenda ku biro ya duane. Yule mukubwa aliniangalia, akasema, "Citoyen, unajua ukisema hapa, maneno hayarudi tena mu kinywa?"

Nikasema najua. Nikamuambia yote: nani alisema, alisema nini, na kwamba kile kiti mu kamyo kilikuwa changu pia.

Walimuita patro. Hakukana, Mama, hiyo nitamuheshimu nayo. Tole zilikamatwa zote, akalipishwa ile takse na feza ya kosa juu yake, na mulango wa atelie ukafungwa na kufuli. Bisimwa akatoka.

Kesho yake patro alikuja kwetu. Nilifikiri analeta askari. Alikuja peke yake, akaketi ku kile kiti kifupi cha Mwayuma, akaangalia mutoto.

"Sikuja kukugombeza," akasema. "Nimekuja kukuuliza tu. Fabrike ya Kinshasa iko na mwenye kuilinda. Ile ya ng'ambo iko na mwenye kuilinda. Mimi, Amisi, nani alikuwa ananilinda?"

Nikamuambia, "Patro, na Bisimwa je?"

Akagusa kidole cha mutoto. Kisha akasimama, akasema mutoto ni muzuri, akaenda.

Bisimwa naye nilingoja anishukuru, wala sikuona aibu kungoja. Alifika, akaketi, akasema, "Nilikukataza." Nikasema ndiyo. "Umenitoa mahali mubaya, Amisi, usiku kule ni baridi ya kuua. Lakini nilikukataza." Mwayuma akamuwekea mutoto mikononi. Akamushika muda murefu.

Sasa, Mama, hivi ndivyo tunaishi. Wenzangu wa atelie wananipita njiani sawa sijulikani. Mumoja, mutu muzima aliyenifundisha kushika nyundo, alivuka njia asikutane nami. Ku robine ya maji wanawake wananyamaza Mwayuma akifika, wanamuacha achote maji peke yake, hata hawamusaidie kuinua ndoo, naye amezaa juzi tu. Hiyo inaniuma kuliko yote. Na duane walisema naweza kuitwa tena mbele ya hakimu. Kila mara viatu vya polisi vikisikika njiani, ninaenda kuchungulia ku mulango.

Mimi na Bisimwa tumeanza kuokota alumini ya zamani, sufuria zilizotoboka, vipande vya motere za gari, tunayeyusha na makala ya kupikia nyuma ya nyumba yake na kumwaga mu udongo uliochongwa, tupate sufuria nzito. Takse ya Kinshasa haifike ku vitu vya kuokota. Nilienda kuita wale wenzetu waje tufanye pamoja. Wawili walikuja. Wengine walifunga mulango.

Zamani ulituma neno kwamba Mwayuma akizaa utakuja kuona mutoto. Nakuomba ungoje, Mama. Nyumba hii ni ya kupanga, sijui kama tutaendelea kuikaa, na sitaki ufike unikute kwa hakimu. Nikiona mambo yametulia, nitatuma muntu akuchukue.

Unisalimie Papa, asipande tena juu ya nyumba kufunga majani, aite vijana. Unisalimie yaya yangu Zuhula aliyenitangulia kuzaliwa, mwambie kitambaa alichotuma kimemubeba mutoto tangu siku ya kwanza. Unisalimie mujomba anayefundisha ku shule ya misioni, na bibi kizee jirani anayekuchangia chumvi. Mwayuma anapiga magoti mbele yako na kukusalimia.

Ninakuomba kitu kimoja. Nilimutoa rafiki yangu mu kasho, na kwa kumutoa nimezima moto mu nyumba za watu wengi ambao hawakunikosea kitu. Niambie kama nilifanya muzuri. Mwayuma anasema hakuna cha kuuliza, lakini yeye ni bibi yangu, ananihurumia. Wewe ndiye ulinizaa. Uniambie kweli, hata kama ni mubaya.

Mutoto wako,
Amisi