Tante Odile Amekataa Kuonja

Kamembe, Jumapili ya pili ya Machi

Maman wangu mpendwa,

Nimeanza na tarehe kama tulivyofundishwa shuleni, ingawa sijui kama huko uliko Jumapili inatofautiana na siku nyingine. Katika barua hii nitakuambia kila kitu. Nalazimika, kwa sababu tulipokuja kupanda maua kaburini kwako, Tante Odile alikupa habari za uongo. Alisimama na mkoba wake begani, akasema, "Grande sœur, lala salama, mambo inaenda muzuri." Mimi nilikuwa nimeshika ndoo ya maji. Nilinyamaza kwa kuwa mtoto hamkatizi mkubwa mbele ya kaburi, lakini sikutaka ubaki na habari ile. Mambo hayaendi vizuri hata kidogo.

Mdogo wako huyo alikuja kwa matanga, akabaki. Alisema hawezi kuacha kazi ya dada yake ianguke, na Papa, ambaye tangu ulipoondoka anajibu "sawa" hata akiulizwa kama anataka chai au kahawa, alijibu sawa. Hivyo ndivyo tulivyompata patronne mpya wa kutuamuru. Dada Josiane, aliyepika nawe tangu alipomaliza shule, sasa anaambiwa jinsi ya kushika kisu.

Ukutani, pale palipoandikwa "Kwa Mama Josiane, tunapika karamu", Tante amepaka rangi na kuandika maneno manne ya Kifaransa. Hakuna hata moja linalosema chakula. Mtu mwenye njaa akipita atafikiri tunauza mapazia. Ndani mambo ni hayo hayo. Sambaza zako, visamaki vile vile vya ziwani, sasa zinaitwa "friture du lac". Sombe, majani yetu ya muhogo, imekuwa "feuilles à la crème", na krimu yenyewe hakuna, ni mafuta ya mawese yale yale. Ugali anaukata vipande vidogo kama sabuni ya kuogea. Vitambaa vya karatasi anavikunja viwe bata, na wageni wanaviangalia tu, kwa sababu nani atajifuta mdomo kwa bata? Alisoma mambo ya hoteli Kigali, akarudi na kofia ndefu nyeupe na glavu nyeupe. Ninaamini kusoma ni kuzuri, Maman, wewe ndiye uliyenihimiza. Ila naona kuna watu wanaotoka shuleni na kofia tu.

Mama Zaituni, jirani yetu, ametunyima masufuria yake makubwa. Tante alimwambia mbele ya wateja kwamba pilau yake inanuka, na kwamba mume wake, anayetuchinjia mbuzi ili wageni Waislamu nao wale, anatembea na kisu kama mwizi. Mama Zaituni alikuja asubuhi iliyofuata, akageuza masufuria yetu yote, akachagua yake kwa alama za rangi ya kucha mlizopaka chini pamoja, akaondoka nayo kichwani moja moja.

Nakumbuka kazi yako ilivyoanza, ingawa nilikuwa mdogo. Ulikuwa unapeleka maharage kwenye ndoo yenye kifuniko kule mpakani, kwenye daraja la kuvukia Bukavu, kuwauzia wabeba mizigo na bamama wanaovuka na nyanya. Baadaye kwaya ikakuomba uwapikie siku ya mazoezi. Kisha ikaja ile dot ya Rwimbogo, sherehe ya mahari, tukaazima hata vijiko, na mimi na Josiane tukatwanga sombe mpaka viganja vikatoka malengelenge. Unakumbuka ulichonituma siku ile? "Enda uangalie bibi ya bwana harusi kama eko na meno." Nilikwenda, nikamsalimia, nikamchekesha ili nione. Hakuwa nayo. Ukamchemshia ndizi laini peke yake, ukampelekea wewe mwenyewe kabla ya wote. Tangu siku hiyo hatukuhitaji hata yale maandishi ya ukutani. Watu wa Gashonga walituma pikipiki kuja kukutafuta.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Unajua ulichokuwa unakifanya kila karamu. Vyombo vikishapangwa, kabla mgeni yeyote hajainuka, ulikuwa unavua aproni, unasimama mahali wote wanakuona, unachota kijiko kutoka kila sufuria na kula taratibu mpaka umeze. Halafu unasema, "Hii chakula nilipika miye mwenyewe, na njo hii nakula. Karibuni." Kisha watu wanasimama. Hakuna aliyewahi kueleza kwa nini, na hakuna aliyehitaji kuelezwa. Huku kwetu, pande zote mbili za daraja, watu wanaogopa sumu. Mtu akifa ghafla, watu huuliza kwanza alikula wapi mara ya mwisho. Hata juu yako waliuliza, ingawa daktari alikuwa ameshasema ni figo. Na aliyeuliza kwa sauti kubwa kuliko wote, pale pale kwenye matanga, ni Tante Odile.

Sasa huyo huyo Tante Odile alipochukua kazi yako alisema, "Ile mambo ya kuonja mbele ya batu ni ya kijijini. Mu hoteli mupishi haonekane."

Mwezi uliopita mzee mmoja wa Gashonga alitupa kazi ya dot ya binti yake. Ni yule yule uliyempikia ubatizo wa mjukuu, aliyekuomba sombe ya kubeba nyumbani. Wakwe walitoka Bukavu. Walivuka asubuhi, wamevaa vizuri, na mama mmoja mzee mwenye fimbo akiwaongoza. Ng'ombe wakasemwa, maneno yakaisha vizuri, kila mtu akacheka. Mshereheshaji mwenye kipaza sauti akamtangaza Tante kuwa mwenye chakula. Tante akatoka na kofia yake, akafunua vifuniko kwa glavu, akainama kama mwimbaji, akarudi nyuma kusubiri makofi.

Hakuna aliyesimama.

Yule wa kipaza sauti akawaita tena, akaweka na muziki. Wakwe wakatabasamu. "Aksanti sana, tumeshiba na furaha," wakasema. Fanta walikunywa, kwa kuwa zilifunguliwa mbele ya macho yao. Watu wa Gashonga nao hawawezi kula kabla ya wageni, basi wakabaki wamekaa wakiangalia viatu vyao. Mimi nilikuwa na birika la kunawisha mikono na hakuna mkono ulionyooshwa. Tante alidhani ni aibu ya watu wa shamba. Akachukua sinia, akaanza kuwazungukia mmoja mmoja na glavu zake. Alipopita, nilisikia yule mama mwenye fimbo akimwambia mwenzake, taratibu kabisa, "Anavaa gants. Anaogopa kushika nini?"

Josiane alielewa. Alichukua sahani, akasimama mahali pako, akala kutoka kila chombo. Kisha akasema maneno yako. Yule mama akamwangalia kwa huruma, akatikisa kichwa. "Si weye, mwanangu. Weye banakutuma. Ule mwenye kofia njo akule."

Wote wakamgeukia Tante. Ilikuwa kijiko tu, Maman. Kijiko kimoja cha sombe aliyoipika yeye. Akasema, na kipaza sauti kilikuwa karibu, "Miye si mbwa ya kujaribishia chakula." Akavua kofia, akaenda kukaa kwenye gari.

Wakwe walisimama kwa heshima, wakaaga kila mtu kwa mkono, wakarudi kwao na njaa kabla daraja halijafungwa. Chakula chote kilibaki, na bata wa karatasi hakuna aliyewagusa. Hata watoto wa jirani walikatazwa na mama zao.

Tangu hapo simu haziiti. Tante anasema hatuwahitaji wale, atapikia maofisi na semina, watu wanaojua uma. Hizo semina sijaziona. Ninachokiona ni Josiane akisugua vyombo visivyo na kazi.

Ijumaa yule mzee wa Gashonga alikuja nyumbani. Hakufoka. Alikaa kwenye kiti chako, akasema, "Marehemu alikuwa anakula mbele yetu. Sasa bakwe bangu banajiuliza kama mimi ninaua batu." Papa akainamisha kichwa. Mzee akasema harusi ya kanisani ni baada ya Pasaka, na wakwe watarudi, kwa sababu vijana wanapendana na ng'ombe wameshakubaliwa. Yuko tayari kutupa tena ile kazi, kwa heshima yako. Ila wakwe wamesema wazi: wanataka kumwona yule mwenye kofia akila. Si Josiane, si mimi, si Papa. Yeye. Akila, yote yataisha na watacheka nayo. Asipokula, mzee atatafuta wapishi wengine, na hapo, Maman, hakuna mtu toka Gashonga mpaka mpakani atakayekula tena chakula kilichotoka nyumbani kwako. Josiane amenionyesha mikono yake, akasema, "Sasa miye nitafanya nini na hii?" Hajui kazi nyingine wala haitaki.

Papa alinituma mimi kwa Tante. Ati ananipenda kwa sababu nafanana nawe. Nilikwenda nikiwa nimejaa dharau, nakuambia kweli, nikatayarisha maneno mazuri ya darasani. Nilimkuta kitandani anakula yai la kuchemsha na mkate uliokuwa bado kwenye karatasi yake. Nikakumbuka kwamba tangu matanga sijamwona akila kitu kingine hapa kwetu. Mayai anayavunja mwenyewe, mkate anaufungua mwenyewe. Tulidhani ni maringo ya mjini.

Nikamwambia haja ya mzee. Hakukasirika. Alisema, bila kuniangalia, "Dada yangu alikuwa anatia chakula ya batu yote ku kinywa, yeye wa kwanza. Mwenye wivu anatia kitu, nani anakula wa kwanza? Ni yeye. Njo ilimuua. Na munataka miye nisimame pale pale?"

Nikamwambia ni figo. Nikamweleza kama daktari alivyotueleza, kila kitu kwa mpangilio, mpaka jinsi figo zinavyochuja damu. Akasema, "Weye uko mutoto." Mtu mwenye cheti cha hoteli, Maman, anayeita kuonja mambo ya kijijini, kumbe anaamini kuliko yule mama mwenye fimbo. Angalau yule mama anataka kuona tu, halafu ale. Huyu wetu ameziba hofu kwa kofia na majina ya Kifaransa, na ameacha kazi yako ife kwa ajili ya kijiko. Nilitoka bila kuaga. Bado namdharau, sitakudanganya katika barua niliyoahidi kusema kweli. Lakini nilipofika uani nilisikia anavunja yai lingine, na sikufurahi kama nilivyotaka.

Habari nyingine ni ndogo. Mama Zaituni nilimwomba msamaha kwa niaba ya nyumba yetu, ingawa haikuwa juu yangu. Alinipa andazi, akasema masufuria hayajaenda mbali. Mtihani wa Kiswahili nilifanya vizuri. Josiane bado anaweka pembeni ndizi laini kila anapopika, hata kama hakuna mgeni, halafu anazila yeye akiwa amesimama.

Ninaamini bado inawezekana. Pasaka haijafika. Nakuahidi nitarudi kwa Tante kesho baada ya shule, na safari hii sitamfundisha figo. Nitamheshimu, hata nikihitaji kuuma ulimi. Akikubali, nitasimama karibu naye na birika la maji, na kama ataogopa nitachota naye kutoka chombo kile kile na kula naye. Lala vizuri, Maman. Maua tuliyopanda yameshika, mvua imeanza, na nitakuja kuyapalilia mimi, bila kupeleka salamu za watu wengine.

Jambo moja tu unijibu, kwa ndoto au kwa njia yoyote mnayotumia huko, na unijibu haraka. Josiane anasema mlipokuwa wadogo Bukavu, bibi akienda sokoni, wewe ndiye uliyekuwa unamlisha Odile, na alikuwa mtoto wa kukaza meno kabisa. Ulikuwa unamfanyaje mpaka akafungua kinywa?

Binti yako,
Yvette